Viti Vinapanda, Watu Wanatembea

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu hiki nimepewa na watu wa misitu kama shukrani, baada ya kuwahamishia makabati yao kutoka chumba kinachovuja sana kwenda chumba kinachovuja kidogo. Mwanzoni kina picha ya kinyonga, halafu tarehe za mwaka mzima. Mke wangu Latifa kaniambia, andika humo, labda maneno yakiishia kwenye karatasi masikio yangu yatapumzika. Basi naandika. Shule niliishia la saba, lakini kuanzia la nane hadi chuo nimesomea barabarani kwenye malori: Tunduma, Kasumbalesa, Lubumbashi, Kigali, Bujumbura. Ugali wa nchi hizo zote nimeula na kila mmoja nimeutia kasoro.

Mimi ni Amiri, dereva wa Wakala wa Huduma za Ofisi, kituo cha Lushoto. Wakiniuliza Wakala ni kitu gani nawaambia hivi: Serikali ni harusi. Maji, misitu, elimu, mifugo, hao ndio wa meza kuu. Sisi ndio tunaoleta magari, tunaopanga viti, tunaowasha jenereta, na wote wakishaondoka tunafagia. Hakuna anayetupiga picha. Lakini siku tusipokuja, harusi hakuna.

Asubuhi meneja wetu, Bwana Emanueli, aliniita. Ni mtu mpole, akitaka kukugombeza anakohoa kwanza. Leo alikohoa nikajua.

"Amiri, makao makuu wana habari kwamba gari la Wakala linabeba abiria."

"Abiria ni anayelipa nauli, bosi. Mimi sijawahi kupokea hata parachichi."

"Kanuni haisemi nauli. Inasema asiye mtumishi haruhusiwi kupanda. Na wewe unabeba hadi mbuzi."

Nikamwambia yule mbuzi alikuwa mgonjwa, anapelekwa kwa watu wa mifugo, kwa hiyo tulikuwa wote kazini. Hakucheka. Akasema Dodoma wanataka dereva mmoja kutoka kwetu, wa safari za nchi nzima na hata za nje. Tuko wawili tu, mimi na Martin. Mwezi wa tano atakuja mkaguzi, Bi Yusta, atuangalie, na atakayemtaja ndiye. "Ukikaa bila doa mpaka afike," akasema, "una nafasi nzuri kuliko unavyostahili."

Moyo wangu ulipiga gia. Tangu niache malori kwa sababu ya mgongo na watoto, milima hii imekuwa inanibana kama koti la mdogo wangu. Kila nikifika Mombo chini, nikiiona lami inavyokwenda Arusha upande huu na Dar upande ule, huwa naizima injini kidogo, naitazama, halafu napanda tena.

Sasa, nani kapeleka habari Dodoma? Martin anafuta viatu kabla ya kuingia garini. Anaimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri, na maneno anayosema kwa mwezi mimi nayamaliza kabla ya saa nne. Sitaji mtu. Lakini nimeapa: mpaka Bi Yusta aje, Landikruza yangu, ninayoiita Malkia, haitabeba kiumbe kisicho na kitambulisho cha kazi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sijapakia mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Nilipeleka meza ofisi ya kata Mlola. Ukungu wa msitu wa Magamba ulikuwa kama umemwagwa kwa ndoo. Baada ya msitu, pale kwenye kona za udongo mwekundu, nikamwona Bi Mwanaisha na tenga lake la hoho kichwani. Huyu ni mama mtu mzima, jirani wa marehemu shangazi yangu, na huu ni mwaka wa ngapi sijui napanda naye na kushuka naye. Akanyoosha mkono bila hata kuangalia, kama mtu anayenyoosha mkono kwenye swichi ya nyumbani kwake.

Nilisimama. Hilo lilikuwa kosa, ningepita tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Onga makeo, habari za asubuhi. Fungua mlango, shingo hii."

"Bibi, leo siwezi. Kanuni. Anayepanda lazima awe mtumishi wa umma."

Akalitazama gari, akazitazama zile meza nyuma, akanitazama mimi. "Umeanza lini?"

"Jumatatu."

"Na utapona lini?"

Nikamwambia mwezi wa tano. Akasema, "Pole," kwa sauti ya kumwambia mgonjwa hasa, akaweka tenga lake sawa, akaendelea kutembea. Nilimpita polepole nisimrushie tope. Mfungo wa Ramadhani ulikuwa umenimaliza nguvu, lakini kilichonikausha koo si mfungo.

Niseme ukweli, huku kwetu kuna desturi ya tangu gari la kwanza lipande mlima huu. Masika, gari lenye nafasi halimpiti mtu, na mtu halipiti gari lililokwama. Haijaandikwa popote. Lakini mimi ni dereva wa kimataifa, sihitaji kusukumwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Nimewapita wawili Magamba. Mmoja alikuwa mwalimu, lakini wa shule ya binafsi.

Jumatano, 12 Machi

Wakati wa futari nilimweleza Latifa habari ya Dodoma. Nikamchorea mezani kwa uji, kwa ncha ya kijiko: hapa Dodoma, hapa Singida, hapa Mwanza, unavuka hivi.

"Vizuri," akasema. "Na mimi niko wapi kwenye uji huo?"

"Utanifuata."

"Nikufuate na kabichi zangu? Zitapanda gari gani, nazo si watumishi." Akaniwekea magimbi mengine. "Nenda, Amiri. Mimi nimeolewa na mtu anayekaa dirishani. Afadhali utokee mlangoni nijue moja."

Alisema bila hasira, ndiyo maana sikupata usingizi mzuri.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua, ukungu. Sijapakia mtu. Gari bila watu lina sauti nyingi sana. Kuna kitu kinagonga kushoto nyuma ambacho sijawahi kukisikia miaka yote.

Jumanne, 18 Machi

Wiki hii ni ya viti. Watu wa elimu wana vikao kata kwa kata, viti vinahama na vikao. Nimevipeleka Soni, nimevirudisha, nimevipeleka njia ya Mponde, nimevirudisha. Leo Mlola tena. Njiani kulikuwa na kundi linatoka gulioni, wamejifunika nailoni na majani ya migomba. Nikapunguza mwendo kwa adabu. Mwanamume mmoja, Shabani, mkulima wa viazi ambaye mara nyingi ananisaidia kubadilisha tairi, akachungulia dirishani, akaniita bwana kwa Kishambaa.

"Mgosi Amiri, hao waheshimiwa umewapakia wanatoka wapi?"

"Waheshimiwa gani? Ni viti."

"Naona vimekaa vizuri. Vina vitambulisho?"

Kundi zima likacheka. Halafu Bi Mwanaisha, aliyekuwa katikati yao, akasema kwa utaratibu, "Mwacheni. Dunia imefika hapo. Viti vinapanda, watu wanatembea."

Nilipiga gia. Nikajaribu kujipa moyo kwa kusimulia kile kisa cha Lubumbashi, cha askari aliyetaka rushwa nikamuuzia kofia yake mwenyewe. Kisa kile hakijawahi kushindwa. Nilikisimulia kuanzia kona ya kwanza mpaka Mlola. Viti havicheki.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimekula mpaka mkanda umeomba likizo. Wageni wote wamesikia habari za Dodoma na wote wameniaga, ingawa sijaenda popote. Shemeji yangu, mke wa kaka, kaniuliza kwa nini nampita mama yake kwenye mvua. Nikajifanya nahudumia soda.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo njia nzima hakuna aliyenyoosha mkono. Nilidhani ningefurahi. Watu wakisikia mlio wa Malkia wanasogea pembeni, wananipa mgongo na kuendelea na mazungumzo yao. Wanampa mgongo mtu aliyefika Bujumbura.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua ya kutisha. Udongo umeporomoka kidogo juu ya Soni, wameshausafisha. Kile kitu cha kushoto nyuma kinaendelea kugonga.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimeona jambo, silielewi. Jioni baada ya kazi nilikuwa dukani nje kidogo ya mji, nimejikinga mvua. Martin alikuwa ameshapaki gari lake ofisini, yuko kwa miguu, njia ya Magamba. Suruali kaikunja hadi magotini, vile viatu vyake vya kung'aa kavifunga kwa kamba vinaning'inia shingoni, na mgongoni amebeba gunia la karoti. Mbele yake wanatembea akina mama wawili mikono mitupu, wanaongea kwa raha zao. Nikamwuliza mwenye duka kama huyu analipwa.

"Martin? Mbona kila siku ya mvua. Anasema gari si lake ila mgongo ni wake."

Kila siku ya mvua. Miaka yote hiyo mimi nikiwa nawapakia watu na kuwasimulia kwamba Martin hana utu. Nimeumwa na jambo hili kuliko nilivyotegemea. Mtu asiyejisifu ni hatari, huwezi kujua umeshindwa lini.

Jumapili, 13 Aprili

Hata hivyo mwema anaweza kuwa mchongezi.

Jumatano, 16 Aprili

Leo yametoka. Tulikuwa gereji, yeye anabadilisha oili, mimi natafuta kile kinachogonga. Nikamwambia, "Martin, mimi na wewe ni watu wazima. Kama ulitaka Dodoma ungesema, si kunipeleka kwa wakubwa."

Akaniangalia kutoka chini ya gari. "Nimekupeleka wapi?"

"Habari ya mbuzi. Nani mwingine alimwona?"

Akajivuta akatoka, akafuta mikono, kila kidole peke yake, mpaka nikataka kumfutia mimi. Akachukua simu yake, akatafuta, akanionyesha. Ilikuwa picha yangu mimi. Niko kwenye usukani, kofia upande, nyuma yangu yule mbuzi ametoa kichwa katikati ya akina mama watatu, na chini nimeandika mwenyewe: WAKALA WA HUDUMA, TUNAHUDUMIA HADI WENYE PEMBE.

"Uliiweka kwenye status sisi wote tuone," akasema. "Bwana Emanueli aliiona. Dodoma waliiona. Mimi niliihifadhi kwa sababu mbuzi katoka vizuri."

Basi mchongezi nimempata, na amevaa viatu vyangu. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya tairi. Martin naye akacheka, mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake yote. Na kwa kuwa tulishacheka, akaongea, maneno ya miezi mitatu kwa mkupuo mmoja. Mkewe, Evelina, ni nesi, alihamishiwa Dodoma mtoto wao akiwa ananyonya. Sasa mtoto ameanza shule. Martin ameomba uhamisho na kuomba tena, anajibiwa nafasi hakuna. Mtoto akimpigia simu anamwita baba wa mlimani, ili asimchanganye na baba wengine wa pale mtaani.

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani? Wewe ulikuwa unaongea."

Ningependa nisingejua. Mtu akitaka kitu kwa ajili ya miguu yake inayowasha, asiambiwe kuna mwenzake anakitaka kwa ajili ya mwanawe. Nilitaka kumwambia nakuachia. Neno lilifika hapa kooni, likakutana na lami ya Mombo, likarudi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilialikwa kwa Martin pilau. Nilipita nje ya kanisa wakiwa wanaimba bado. Besi yake ilitoka ukutani kama injini ya lori la tani thelathini ikipanda mlima Sekenke. Sikumwambia, asije akavimba kichwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Sijapakia mtu. Bado nataka kwenda. Naandika ili niwe mkweli walau humu.

Jumanne, 6 Mei

Bi Yusta amefika. Mama mfupi, mwavuli mrefu, maneno machache. Anaangalia vitu kama mtu anayenunua ng'ombe: mbele, nyuma, halafu meno. Leo amezunguka na Martin Bumbuli. Alhamisi atakuja na mimi Mlola kuona tunavyohudumia kata. Malkia nimeiosha mpaka ndani ya tundu za funguo. Bwana Emanueli kakohoa mwenyewe bila sababu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeshaoga, na tope bado linatoka masikioni. Naandika yote.

Tuliondoka na viti nyuma, Bi Yusta mbele pembeni yangu, begi lake zuri la ngozi miguuni. Mvua ilikuwa ya usiku kucha, asubuhi ikabaki manyunyu. Magamba tukawapita watu wanne. Baada ya msitu tukawapita wengine, na mizigo. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Watu wa huku hawaombi lifti?" akauliza.

"Wanaheshimu kanuni, Bi Yusta."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaona Dodoma inafunguka kama geti. Nilikuwa nimeshafika Singida kimawazo, ndipo Malkia ikayumba kulia, ikayumba kushoto, ikakaa. Pale pale kwenye kona za udongo mwekundu. Nikaikanyaga, ikazama. Nikairudisha, ikazama vizuri zaidi. Kile kitu cha kushoto nyuma kikagonga mara moja, kikanyamaza kama kilichoridhika.

Juu ya ngema, kando ya barabara, mahali pakavu chini ya mgomba, walikuwa wamekaa kama watu kumi na zaidi, wanapumzisha mizigo. Shabani na jembe lake. Bi Mwanaisha juu ya tenga lililogeuzwa, kuku kamshika kwapani. Walikuwa wamekaa kama jukwaani, na mimi ndiye niliyeingia uwanjani.

Nilishuka. "Shikamooni."

"Marahaba," wakajibu wote, hata vijana, ambao si haki yao.

"Jamani, tusaidiane kidogo hapa."

Shabani akaegemea jembe. "Gari la nani hilo, mgosi?"

"Shabani, unalijua gari hili."

"Nalijua, lakini siku hizi najitahidi kulisahau. La Serikali?"

"La Serikali."

"Aah. Basi tusiliguse, wazee. Sisi si watumishi wa umma."

"Kibali cha kutusukumisha umekuja nacho?" akauliza mmoja.

"Na kitambulisho," akaongeza mwingine. "Mimi siwezi kusukuma bila kitambulisho, nitafungwa."

Wakaingia kwenye Kishambaa, hapo mzaha ukawa na pilipili. Bi Yusta akashusha kioo. "Wanasemaje?"

"Wanasema karibu sana Mlola," nikatafsiri.

"Hatujasema hivyo," akasema Bi Mwanaisha kwa Kiswahili safi. "Shikamoo siwezi kukupa, mama, mimi ni mkubwa kwako, lakini salama zako napokea. Tunasema hivi. Huyu ni mtoto wetu. Masika yote anatupita hapa na viti. Mimi na mguu huu, na tenga. Sasa viti si vina miguu minne? Vishuke, vimsukume."

Hakuna aliyecheka hapo. Bi Yusta alikuwa ananitazama mimi, si wao. Nilijua kabisa kilichokuwa mezani. Nikimwambia Bi Yusta asubiri, nikatembea hadi Mlola kutafuta trekta, nitachelewa lakini nitakuwa safi, na miezi yote ile ya kuwapita watu haitakuwa imepotea. Geti lilikuwa bado wazi.

Nikazunguka nyuma, nikafungua mlango, nikaanza kuvipandisha viti juu ya vingine, upande mmoja. Nikavifunga kamba. Nafasi ikapatikana ya kutosha.

"Bibi, njoo upande. Na mizigo. Pandeni wote wanaoenda Mlola."

Bi Mwanaisha hakuinuka. "Hapana. Usitupandishe kwa kuwa umekwama. Kesho jua likitoka utakauka, utatupita tena."

Nilifungua mdomo nimjibu mzaha. Mimi sijawahi kukosa mzaha, hata Kasumbalesa mpakani siku tatu bila chakula sikukosa. Nikakosa. Nikasema kilichokuwepo: "Bibi, tangu mwezi wa tatu ninasimulia visa kwa viti."

Mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni, na mabega, akawa anacheka bila sauti, mpaka kuku akashangaa. "Cha Lubumbashi pia?"

"Cha Lubumbashi pia. Mwanzo mpaka mwisho."

"Masikini," akasema. "Vijana, shukeni. Mtoto ameteseka."

Wakashuka. Shabani akachimba mbele ya tairi, wengine wakatia mawe na matawi, na wimbo ukaanzishwa, ule wa kuvutia magogo. Nilimwomba Bi Yusta ashike usukani, mimi nikaingia nyuma na wenzangu, kwa kuwa nyuma ndiko kwenye tope. Alishika usukani kama mtu aliyezaliwa kwenye Landikruza. Malkia ikanirushia udongo wote iliokuwa nao, ikatoka.

Wakapanda. Mizigo, majembe, vicheko. Nafasi ya kuku haikuwepo, kwa hiyo Bi Mwanaisha akamkabidhi Bi Yusta mbele. Mkaguzi wa makao makuu alifika ofisi ya kata Mlola akiwa amepakata kuku. Kikao kilianza kwa kuchelewa. Viti vilikuwa na tope, wakavikalia hivyo hivyo.

Ijumaa, 9 Mei

Aliniita ofisini kwa Bwana Emanueli. Begi lake lilikuwa juu ya dirisha linakauka.

"Umekiuka kanuni mbele ya mkaguzi," akasema. "Onyo utapata, na nitalisaini mimi."

"Sawa, Bi Yusta."

"Kuhusu Dodoma. Kule nahitaji dereva anayeweza kumpita mtu kwenye mvua. Jana asubuhi kulikuwa na baridi mimi nimevaa sweta, na wewe kila tulipompita mtu shati lilikuwa linalowa jasho. Ukija kule utanisimamisha kila kituo mpaka Mwanza."

Nikamwuliza, Martin je? Nikamwambia ana mke na mtoto huko.

"Najua. Sikumchagua kwa hilo. Nimemchagua kwa sababu anajua gari si lake." Akasimama, akachukua mwavuli. "Wewe unadhani ni la ukoo. Na Bwana Amiri, yule kuku alichofanya kwenye begi langu, hilo sitaliandika."

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya gereji, nikakaa. Nilihuzunika, nisijidanganye. Nilihuzunika hasa, kama mtu aliyeshushwa kwenye basi na basi anaendelea kuliona linavyopanda kilima. Baadaye Martin akaja akakaa pembeni yangu, hakusema kitu. Ndio ujuzi wake, na kwa mara ya kwanza nikaiona thamani yake.

Jumamosi, 10 Mei

Latifa alisikiliza yote. Nilipofika kwenye kuku akashika ukuta kwa kicheko. Halafu akasema, "Kwa hiyo unabaki."

"Nabaki."

"Dirishani?"

Akanipa jembe, tukaenda kupandikiza kabichi.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua inapungua. Barua ya onyo imefika. Imeandikwa vizuri, nimeiweka garini kwenye kikasha, karibu na leseni.

Jumatatu, 2 Juni

Baridi ya kipupwe imeanza. Nimemteremsha Martin hadi Mombo kupanda basi la Dodoma. Sanduku moja, na viatu vimeng'aa kama vya ubatizo. Simu iliita njiani, nikasikia sauti ya mtoto inauliza, umefika wapi, baba? Martin akatazama nje, akasema, "Soni." Ikaita tena. "Bado Soni." Mtoto hakutaka kuamini kwamba mlima unaweza kuwa na kona nyingi hivyo.

Kituoni akanipa mkono. "Asante kwa kukwama."

"Sikukwama kwa ajili yako."

"Najua. Asante hata hivyo."

Basi liliondoka. Niliizima injini nikaitazama lami kidogo, kama kawaida yangu. Miguu bado inawasha. Nadhani itawasha mpaka nizikwe, na nikizikwa waniweke miguu ikielekea Mazinde, njia ya Arusha.

Jumanne, 3 Juni

Mlola, viti. Jua lilitoka, udongo umekauka, barabara nzuri ya mtu kujipitia tu. Baada ya msitu nikamwona Bi Mwanaisha kwa mbele, na tenga. Hakunyoosha mkono. Alisogea pembeni, akanipa mgongo, kama walivyozoea.

Nilisimama. Akaendelea kutembea. Nikamfuata polepole, kioo nimeshusha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo hujakwama."

"Sijakwama."

"Na ruhusa umepata?"

"Nimepata onyo. Hili hapa, limegongwa muhuri."

Akasimama. Akautazama ule muhuri kwa mbali, akautazama mguu wake, akatazama ndani. Akashusha tenga.

"Basi sogeza hivyo viti."

Nikavisogeza. Mbele kidogo tukamkuta Shabani, tukampakia, na wengine wawili. Mlango ukafungwa, harufu ya hoho ikajaa, na kile kitu cha kushoto nyuma sikukisikia tena. Tulipoingia kona ya kwanza Bi Mwanaisha akanigonga begani.

"Haya. Ya Lubumbashi."

"Umeshaisikia, bibi."

"Anza."

Nikaanza tangu Tunduma.